Maji Yaliyofichika Chini ya Mchanga

Sisi wa Nanganga tukitazama kusini tunaona miinuko ya uwanda wa Makonde. Kule juu, kuelekea Newala, ardhi ni ya mchanga. Mvua ikinyesha, mchanga huimeza. Lakini maji hayapotei. Huzama polepole hadi kwenye tabaka gumu, kisha hububujika chini ya miteremko kama chemchemi. Kwa miaka mingi akina mama walishuka kuyateka, wakapanda tena na mitungi kichwani.

Kliniki tunakutana na akina mama waliochoka. Mtoto ananyonya, korosho zinangoja kuokotwa, ada haijapatikana. Wanaona kama Mungu amewaacha. Tukumbuke alivyowafundisha Paulo Wakorintho (1 Kor. 3:16): sisi tu hekalu, na Roho wa Mungu anakaa ndani yetu. Asiyeonekana hajaondoka.

Basi, mikorosho inapochanua, tusimame kidogo shambani. Tunuse maua yake, tusikilize ndege, tuvute pumzi taratibu na kushukuru. Uzuri huo haumleti Mungu kutoka mbali. Unatuamsha tumtambue aliyemo.

Lakini mama aliyejifungua akikaa na huzuni zaidi ya wiki mbili, au akikosa hamu na mtoto wake, tusimwambie kwamba imani yake ni haba. Tumsindikize kituo cha afya, tumsaidie kazi za nyumbani. Chemchemi ni ya Mungu, lakini maji yalifika nyumbani kwa miguu ya watu.