Foni inayonyamaza usiku: namna ya kuiongezea bendi

Wiki hii tunaongea juu ya foni. Si telefone ya mfukoni. Ni ile redio ya kusema na kusikia ambayo wengi wetu tuliiona tukiwa watoto kwenye misioni, kwenye kituo cha afya, ama kwenye kabini ya mfanyabiashara, ambapo mtu alilipa ili aseme na ndugu yake wa Goma ama Bukavu, na foleni nzima ikasikia habari za nyumbani kwake. Telefone zilipofika, kabini nyingi zikafungwa. Lakini huku kwetu Masisi, ukishuka tu nyuma ya kilima, rezo inapotea. Na siku antene ya kampuni inapokosa mafuta, ama inapoharibiwa katika vita, sote tunarudi kwenye miguu na kipoyi.

Kwa hiyo kuna vikundi vinavyofikiri tena juu ya foni, hasa zile ndogo za nguvu kidogo ambazo fundi anaweza kuzitengeneza kwa mkono. Ni wazo zuri. Lakini tunataka wamama wafahamu jambo moja kabla ya kutoa feza ya kikundi: foni ndogo yenye bendi moja ni foni ya nusu siku. Na uzazi hauchagui saa.

Tueleze kwa nini. Vile viredio vya mkononi vinavyobebwa na walinzi husema kwa mstari ulionyooka. Kilima kikisimama katikati, maneno yameisha. Foni haifanyi hivyo. Inarusha mawimbi yake juu, na kule juu sana, kuanzia karibu kilometa 100 hadi zaidi ya 300 kutoka chini, kuna tabaka la hewa lililochomwa na jua ambalo linayarudisha. Ni kama mtoto anayerusha mpira kwenye dari ili uanguke upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana foni inaruka milima ya Masisi bila shida.

Lakini dari hiyo imetengenezwa na jua. Mchana inakuwa na nguvu, na mawimbi ya megahezi 7, ambayo foni ndogo nyingi zinatumia, yanapigwa juu na kurudi karibu. Usiku jua limeondoka, dari inalegea kidogo kidogo. Kuanzia usiku wa manane hadi karibu na mapambazuko, mara nyingi mawimbi hayo hayarudi tena yakirushwa juu kabisa. Yanatoboa na kwenda zake. Yanayorudi ni yale tu yaliyolala, na hayo yanaanguka mbali sana. Mama anayeshika foni saa nane ya usiku atasikia sauti za nchi nyingine, atasikia hata lugha asiyoijua, lakini Mweso, ambako hospitali iko, hapasikiki.

Dawa yake ni kushuka chini, karibu na megahezi 3.6. Mawimbi hayo marefu yanarudishwa hata na dari iliyolegea. Mchana hayafai, kwa sababu tabaka lingine lililo chini zaidi linayameza. Hivyo moja ni ya mchana, nyingine ni ya usiku, na anayetaka kusikiwa saa zote anahitaji zote mbili.

Ndugu zetu wa Walikale wanajua bei ya kutosikiwa. Kati ya tarehe 30 mwezi wa 7 na tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2010, kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine 12. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2011 ilihesabu watu 387 angalau waliobakwa: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9. Kambi ya askari wa MONUSCO ilikuwa Kibua, karibu kilometa 30. Barabara ilikuwa imefungwa na washambuliaji, na rezo ya telefone haikuwapo. Foni peke yake haifukuzi bunduki, na hatutaki kumdanganya mtu. Lakini siku nne ni nyingi mno kwa kilio kutofika kilometa 30. Baada ya hapo ndipo mitandao ya tahadhari ya vijiji iliongezwa katika Kivu, na kule Haut-Uele, ambako watu waliteswa na LRA, parokia na vijiji viliunganishwa kwa foni ili vipashane habari za usalama kila siku.

Sasa turudi kwenye kazi ya mikono. Foni ndogo inayojulikana sana kati ya wapenzi wa redio inaitwa BITX. Iliundwa na Ashhar Farhan wa India, ambaye alitafuta redio ambayo mtu wa kawaida angeitengeneza kwa vitu vinavyopatikana sokoni. Katika ile ya kwanza alizungushia waya hata kwenye washa za robine ya maji! Baadaye ilitoka moja iliyopangwa tayari kwenye kibao, BITX40, ya megahezi 7, yenye wati 7 hivi. Wati 7 ni kama balbu ndogo ya nyumba, wakati foni za misioni na za mashirika kwa kawaida zinafika wati 100. Ndogo inatosheka na batri ya pikipiki ya volti 12 na pano ndogo ya jua. Na wamama wasikie hili: bobini za redio hizo zilizungushwa kwa mkono na kikundi cha wanawake wa India, vipande maelfu na maelfu, vilivyouzwa dunia nzima. Kwa hiyo mtu akisema redio ni mambo ya wanaume, mwambieni aulize nani alizungusha waya iliyo ndani yake.

Kuipeleka redio hiyo kwenye bendi ya usiku kunagusa sehemu tatu ndani ya sanduku, na antene nje.

Sehemu ya kwanza ni rahisi, ni hesabu ya masomo ya msingi. Ndani ya BITX40 kuna mawimbi yasiyobadilika ya megahezi 12, na mengine yanayobadilishwa na yule anayezungusha kitufe. Redio inatoa haya katika yale: 12 toa 5 ni 7. Ukitaka 3.6, unafanya kitufe kitoe 8.4 badala ya 5, kwa maana 12 toa 8.4 ni 3.6. Katika zile zenye kibao cha hesabu, fundi anabadilisha programu tu, hashiki hata waya.

Sehemu ya pili ni mlango wa kuingilia, yaani chujio linalopokea sauti za bendi moja na kukataa nyingine. Hapo kunabadilishwa bobini ama zile kondansateri ndogo zinazokaa kando yake. Ukilisahau, redio itakuwa kiziwi, lakini haitamdhuru mtu.

Sehemu ya tatu ndiyo inayotutia wasiwasi, na ndiyo mafundi wa haraka wanaiacha. Ni chujio la kutokea, kabla ya antene. Kila foni inaposema katika 3.6, inatoa pia mwangwi wa 7.2 na wa 10.8. Chujio lililotengenezwa kwa ajili ya megahezi 7 litauacha ule mwangwi wa 7.2 upite, kwani kwake huo ni mgeni wa nyumbani. Kwa hiyo mama anaita mkunga katika bendi ya usiku, na sauti yake inatokea pia mahali ambapo hakupewa ruhusa. Katika nchi yenye amani ni kosa la kulipa faini. Katika Masisi ya leo, sauti inayokutwa katika mawimbi ya wenyewe inaweza kumletea mtu kesi ya upelelezi.

Chujio hilo linatengenezwa na bobini na kondansateri. Ili lishuke kwa nusu, kondansateri zinawekwa zenye ukubwa mara mbili, na bobini pia zinatiwa nguvu mara mbili. Hapa wanafunzi wengi wanakosea: hawazungushi waya mara mbili. Nguvu ya bobini inakua kwa mizunguko ikizidishwa kwa yenyewe. Mizunguko 10 inatoa 100. Mizunguko 14 inatoa 196, karibu mara mbili. Basi penye 10 weka 14, si 20. Waya iwe ya shaba iliyopakwa vernisi, izungushwe sawasawa bila kupandana, kama mshonaji anavyopanga uzi kwenye bobini ya cherehani. Mwisho wake unakwanguliwa vernisi kwa wembe kabla ya kuchomelewa. Anayejua kusuka kikapu atamshinda mhandisi katika kazi hii. Tunasema tulichokiona kwenye mikono ya wanafunzi wetu wa kike.

Ili redio itumike mchana na usiku, machujio yote mawili yanabaki ndani, na swichi inachagua. Hilo ndilo la kudai kwa fundi. Fundi anayetoa ya mchana ili aweke ya usiku amehamisha shida, hajaiondoa.

Antene haina siri. Chukua 143, gawanya kwa megahezi, unapata urefu wa waya wote kwa meta. Kwa 7.1 ni meta 20, mkono mmoja 10 kila upande. Kwa 3.6 ni karibu meta 40, mkono mmoja 20. Jozi zote mbili zinaweza kuanzia katikati pamoja na kutawanyika kati ya mikaratusi. Kwa kusema na majirani wa kilometa 30 ama 100, haihitaji mlingoti mrefu. Lakini isiwe chini kiasi cha mtoto ama mbuzi kuifikia, maana waya ule unachoma wakati mtu anasema.

Na radi! Hesabu iliyotolewa na watafiti mwaka 2016 iliiweka Kabare, kule Kivu ya Kusini, katika nafasi ya pili duniani: mimweko 205 kwa kilometa moja ya mraba kila mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Sake yetu, njiani kwenda Goma, imo katika kumi za kwanza. Mvua inapokusanyika, waya wa antene unatolewa kwenye redio na kutupwa nje ya nyumba. Bendi ya usiku inasikia radi ya mbali kama mahindi kwenye kikaango. Kelele hizo ni za kawaida, mtu asidhani redio imeharibika. Ngurumo ikisikika kwa masikio, hapo ndipo pa kuacha kila kitu.

Ruhusa inaombwa kwa serikali, na katika Kongo mamlaka ya mawasiliano inaitwa ARPTC. Nambari tulizozitaja, 3.6 na 7.1, ni za bendi za wapenzi wa redio, watu wanaojifunza na kujaribu. Kituo cha afya ama kikundi kinachotaka kufanya kazi ya kila siku kinapewa nambari zake, na fundi anarekebisha redio kwa hizo, wala haifungui kwa kila kitu. Kuna wanaosifu redio iliyofunguliwa bendi zote. Sisi hatuisifu. Redio inayoweza kusema popote, siku moja itasema mahali pabaya. Chifu, mganga mkuu na viongozi wa usalama wa mahali wajue sanduku liko wapi na nani anashika ufunguo.

Tena foni haina mlango wa kufunga. Kila mwenye redio katika bendi ile anasikia. Mama anayetoka damu, msichana aliyetendewa mabaya, majina yao yasitajwe hewani hata siku moja. Kikundi kipange maneno na mkunga kabla: neno moja kwa uzazi uliokwama, neno moja kwa damu, nambari moja kwa kila kijiji. Yaandikwe kwenye karatasi, yabadilishwe mara kwa mara.

Kwa wanaotaka kuanza wiki hii, haihitaji feza. Tafuteni redio ya kawaida yenye mawimbi mafupi. Iwekeni kwenye meta 41, karibu na megahezi 7.2 hadi 7.4, saa sita ya mchana, kisha saa mbili ya usiku, saa sita ya usiku, na saa kumi kabla ya jogoo. Andikeni kila mara ni sauti gani mnasikia na kwa nguvu gani. Fanyeni hivyo siku saba, wamama wakipokezana zamu, na kama kuna watoto wa darasa la sita nyumbani, wapeni daftari na kalamu. Mtaona wenyewe namna wa mbali wanavyoingia jua linapozama. Fundi atakayekuja kuzungumza na kikundi aonyeshwe daftari hilo kwanza, kabla hajataja bei.