Miaka tisa na mbwa: jinsi nyumba yetu ilivyobadilika

Kila nikivuka feri ya Likoni kuja Mji wa Kale, nikaketi barazani baada ya sala ya laasiri, hapakosi mtu wa kuniuliza, "Na mbwa, hajambo?" Wengine huuliza huku wakijivutia kanzu zao upande. Sioni ubaya. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Mtaani kwetu paka alilala jikoni na juu ya mkeka, akala samaki kabla ya mgeni, lakini mbwa akitokea uchochoroni alipigwa jiwe kwanza, ndipo watu wakauliza katokea wapi.

Siku hizi maswali yamebadilika. Jamaa zetu wengi wamehama kisiwani, wamejenga Matuga, Mtwapa, Kikambala, penye viwanja vikubwa na taa chache. Wameibiwa mbuzi, kuku na hata pampu za maji. Wananijia faraghani, na nimegundua kwamba swali lao si la mbwa. Ni la nguo, vyombo, sala, na watu watasema nini. Ndipo nikaona niandike nijuavyo, pamoja na yale yaliyonigharimu, maana mtu asidhani mbwa ni kufuli, ukishamfunga langoni umemaliza.

Shamba letu liko upande wa Matuga, minazi na miembe niliyorithi kwa marehemu baba. Nilipostaafu nilihamia huko na mke wangu na watoto wawili wadogo, tukaanza na mbuzi kumi na mmoja. Katika mwezi mmoja wakaenda sita. Nikaajiri mlinzi, akalala. Nikaajiri wa pili, huyo nadhani hakulala, na ndio hofu yangu. Jirani yangu, mzee wa Kidigo mwenye mbwa watatu wa kuwindia, akaniambia, "Bwana, wewe wapigana na wezi kwa kanzu. Mimi nitakupa mtoto wa mbwa." Nikamjibu nitafikiri. Nilikwenda kumuuliza maalim aliyenisomesha madrasa tangu utotoni.

Maalim hakushtuka kama nilivyotarajia. Alinieleza kwamba mafunzo ya dini yametofautisha mbwa wa kazi na mbwa wa kuwekwa hivi hivi tu. Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Maida, inazungumzia kuliwa kwa windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa, na katika Surat al-Kahf wale vijana wa pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni. Hadithi zinasema anayefuga mbwa hupungukiwa thawabu zake kila siku kwa kirati, riwaya nyingine kirati mbili, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo au wa shamba. Wanavyuoni wa Kishafii kama Imam Nawawi wameona ulinzi wa nyumba na njia nao unaingia humo kwa kukisia. Na sote tuliisoma chuoni ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Tuliisoma asubuhi, tukapiga mbwa mawe jioni.

Jambo jingine alilonifahamisha ni kwamba katika madhehebu yetu mbwa hauzwi. Bei yake imekatazwa. Kwa hiyo nilimpokea kama hiba, na mzee jirani hakuniomba hata senti, ingawa baadaye nilimpelekea nazi.

Sasa nije kwenye tohara, maana hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Kwa Mashafii mbwa mzima ni najisi nzito, mate, jasho, na nywele zake. Lakini najisi haihami kikavu kwa kikavu. Mbwa mkavu akikupita ukamgusa kwa mkono mkavu, hakuna cha kuosha. Akikulamba, au ukamgusa naye amerowa mvua, basi ndipo inapokupasa kuosha mara saba, moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi, na bora iwe ya kwanza. Wengi hudhani sabuni inatosha badala ya udongo. Kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba haitoshi. Wenzetu wa Kimaliki wao humuona mbwa ni tohara, na Mahanafi huona najisi ni mate. Usichague madhehebu kwa kuangalia ipi itakupunguzia ndoo za maji. Kaa na mwalimu wako.

Mke wangu alisikiliza yote hayo, kisha akaniwekea masharti yake, ambayo yalikuwa makali kuliko ya maalim. Mbwa asikaribie kibaraza. Chombo chake kisiingie jikoni hata kikiwa kimeoshwa. Na mimi nisimpite yeye mlangoni nikiwa na nguo za mbwa. Nilikubali, nikijua ndio mwanzo tu.

Tukamjengea kibanda mbali, upande wa zizi, chenye paa la makuti. Nikaweka bomba la pili la maji huko nyuma, na kando yake ndoo ya udongo yenye kifuniko. Nikatenga suruali mbili na mashati mawili ambayo hayaingii nyumbani. Kanzu zangu zikahamia chumba cha mbele. Nilikuwa mtu wa kuamka kwa adhana ya alfajiri na kutoka moja kwa moja. Sasa huamka nusu saa kabla, nimfunge mbwa aliyekesha akizunguka, nimpe maji, nioge, ndipo nitawadhe. Nusu saa kwa siku, kwa miaka tisa. Sijapiga hesabu na sitaki kuipiga.

Tulimwita Simba, jina ambalo halikumfaa kwa mwaka mzima wa kwanza, kwani aliogopa hata jogoo.

Mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikukatazi la shambani kwako. Lakini huku ukija, uje u safi, na habari zake usiniletee." Basi kwa miaka miwili kila nilipovuka kwenda kumuona nilioga, nikavaa nguo zilizotoka kabatini, na yeye bado aliniangalia pindo la kanzu. Kuna ami yangu mmoja aliacha kabisa kula kwetu. Hadi leo akija shambani hunywa maji ya dafu tu, na hulichagua mwenyewe mtini. Hilo liliniuma zaidi ya gharama zote nitakazozitaja.

Gharama zenyewe, kwa anayetaka kujua, haziko kwenye chakula. Simba hula ugali wa mabaki, dagaa, vichwa vya samaki na utumbo kutoka kwa mchinjaji. Zipo kwenye dawa. Kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, inayoanza akifika miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, dawa ya minyoo, na dawa ya kupe na viroboto, ambao pwani hawana msimu. Daktari wa mifugo alikuwa akija kwa bodaboda, nami nikimlipia na nauli. Mwaka wa pili nilisita. Mfukoni palikuwa pakavu, ada za shule zilikuwa zimekaribia, nikajiambia mbwa mzima huyu, chanjo ya nini tena. Mke wangu ndiye aliyesema, "Umemleta, muoneshe haki yake." Akatoa pesa za kikoba chake. Kumbuka huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kumgusa mbwa huyo kwa kidole.

Miezi mitano baadaye mbwa koko mgeni aliingia kijijini kwetu mchana kweupe. Alikuwa akienda kama mlevi, taya limelegea, mate yanamchuruzika, haogopi watu. Akamng'ata mtoto wa jirani mguuni, mvulana wa darasa la nne. Simba akakata kamba, wakapigana, naye akang'atwa shingoni kabla vijana hawajamuua yule koko kwa marungu.

Nataka nilieleze hili polepole, kwa sababu linahusu hata asiyefuga. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unapoanza kuonyesha dalili kwa binadamu, huwa ni mauti, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kung'atwa na dalili hupita muda, mara nyingi miezi miwili au mitatu, pengine wiki moja tu, na katika muda huo mtu anaweza kuokolewa. Watu walikuwa wameshaleta pilipili na mafuta ya taa wampake mtoto. Nilikuwa nimeshaambiwa na daktari wa mifugo, nikapiga kelele: maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, si kuchovya na kufuta. Tukamshika mtoto chini ya bomba huku analia. Kisha hospitali siku ile ile. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Babake akanunua duka la dawa, zaidi ya shilingi 1,000 kwa sindano moja, naye hana kazi ya mwezi. Akarudishwa siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne kama alivyoagizwa, bila kuruka hata moja. Kuruka ndiko kunakoua watu. Jeraha likikauka wanadhani mambo yamekwisha. Mtoto yule sasa ni kijana, yuko sekondari, na hucheza mpira vizuri.

Simba naye akaongezewa chanjo siku hiyo hiyo kwa kuwa kadi yake ilikuwa hai. Daktari akasema afungwe peke yake siku 45, aangaliwe. Lau asingekuwa amechanjwa, ushauri ungekuwa mwingine, na nafikiri unajua ni upi.

Siku 45 zile ndizo sitazisahau. Mke wangu aliwachukua watoto akavuka nao kwa mamake kisiwani. Hakugomba, alisema tu, "Ukiniambia yu salama, nitarudi." Nikabaki na mbuzi, na mbwa aliyefungwa kwa mnyororo, nikimsukumia chakula kwa mti mrefu. Kila asubuhi nilimtazama anavyokunywa maji. Akimeza vizuri nilishukuru. Akikohoa tu, nilishinda siku nzima tumbo limenikata. Ramadhani ilinikuta humo. Nilifuturu peke yangu chini ya mwembe, tende na maji, na mbwa akiniangalia kutoka mbali.

Wakati huo huo kijiji kilikuwa kimeitana mkutano. Rai ilikuwa moja: mbwa wote wauawe. Nilisimama nikiwa na aibu, maana mimi ndiye mgeni na Mswahili wa mjini, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Nilisema nililoelezwa na daktari. Ukiua mbwa wa kijiji, nafasi yao huchukuliwa na mbwa wengine kutoka nje, wasiochanjwa, na maradhi hubaki palepale. Kinachokata njia ya ugonjwa ni kuchanja, na kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kufikia mbwa 70 katika kila 100. Kwa binadamu, karibu maambukizi yote ya ugonjwa huu, 99 katika kila 100, hutokana na mbwa, kwa hiyo kumchanja mbwa ni kumkinga mtoto. Wengine walinizomea. Yule mzee wa Kidigo akasema yeye hamtoi mbwa wake hata mmoja, na mkutano ukakaribia kuvunjika. Mwisho tukakubaliana kuchanga. Kila mwenye mbwa alitoa, na wasio na mbwa baadhi walitoa pia, akiwemo babake yule mtoto, ambaye tulimkatalia na akalazimisha. Daktari alikuja Jumamosi mbili. Tulichanja mbwa 34. Mpaka sasa hufanya hivyo kila mwaka, ingawa mwaka juzi tulichelewa na kugombana kidogo kuhusu nani anaweka pesa.

Siku ya 46 nilimpigia mke wangu simu. Akaja na feri ya saa nne, watoto mbele.

Kuna mambo mengine niliyoyaacha ambayo sikuyatarajia. Kijana wangu mkubwa yuko Muscat, alinialika nikae miezi mitatu. Nilikaa wiki tatu, kwa sababu aliyebaki na Simba alipiga simu kusema hali. Mtoto wangu alicheka mpaka akatokwa na machozi, kisha akanibadilishia tiketi. Harusi za usiku siku hizi huondoka kabla ya kuliwa pilau, niwahi matatu ya mwisho ng'ambo, kwa kuwa mlango wa zizi anaujua yeye na mimi tu. Tangu afike sijapoteza mbuzi hata mmoja kwa wezi. Mmoja alichukuliwa na chatu, hiyo si kazi ya mbwa.

Simba amezeeka. Jicho la kushoto limeingia ukungu, na miguu ya nyuma humsumbua wakati wa kusi. Jirani amenipa mtoto mwingine, na nimeshajenga kibanda cha pili, kwa sababu wa kwanza sitomtoa. Mwezi uliopita nilikuwa kwa mama, najiandaa kuondoka. Akaniita jikoni, akanipa furushi la vichwa vya changu, amelifunga kwa gazeti na mifuko miwili ili lisivuje kwenye feri. Jina la mbwa hajalitamka kwa miaka tisa. "Chukua," aliniambia, "ya yule mlinzi wako. Na ukifika, uoshe mikono."