Panya Mdogo na Saratani ya Mapafu

Mgonjwa wa Kitale au Bungoma, nchini Kenya, ashikwaye na kikohozi kisichokoma, akatema damu na kupungua mwili, aghalabu hudhaniwa kwanza kuwa ana kifua kikuu, kwa kuwa maradhi hayo yamezoeleka na dalili zake hufanana mno na za saratani ya mapafu; akimaliza dawa za miezi 6 pasipo nafuu, ndipo apelekwapo Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ilhali uvimbe pengine umekwisha enea. Hivyo tabibu huuona mwisho wa maradhi, asiuone mwanzo wake.

Mwanzo huo ndio walioutafuta wataalamu kwa panya. Mwaka 2001, katika maabara ya Tyler Jacks huko Massachusetts, Marekani, walizalishwa panya wenye jeni ya KRAS iliyoharibiwa kwa makusudi, ambayo huonekana pia katika saratani nyingi za mapafu ya wavuta sigara. Lakini jeni hiyo ilizuiwa isifanye kazi, kama mlango uliotiwa komeo. Panya akiisha kukua, hutiwa puani tone lenye virusi visivyoweza kuzaana, vichukuavyo hadi mapafuni jeni ya kimeng'enya cha kukikata kizuizi kile, KRAS ikaamka katika seli chache tu. Maadamu siku ya mwanzo yajulikana, watafiti huyachunguza mapafu wiki baada ya wiki, wakaona seli zikizidi, zikawa vivimbe vidogo, hata zikageuka saratani kamili kwa miezi michache.

Faida ya kuwatumia panya imedhihirika. Mwaka 2007 Hiroyuki Mano na wenziwe, huko Japani, waligundua kwamba jeni mbili, EML4 na ALK, zimeungana isivyo kawaida katika uvimbe wa baadhi ya wagonjwa; mwaka uliofuata wakaitia jeni hiyo ya muungano katika mapafu ya panya, vikaota vivimbe mamia, na panya walipopewa dawa ya kuizuia, vikanywea. Mwaka 2011 dawa ya namna hiyo, krizotinibu, ikapewa idhini Marekani.

Lakini dawa hiyo haimfai ambaye uvimbe wake haukupimwa, kwani ni sharti kwanza kitolewe kipande kidogo cha uvimbe, kitazamwe kwa hadubini na jeni zake zijulikane. Basi yeyote, awe mkulima wa tumbaku wa Malakisi au mama apikaye kwa kuni, aliyemaliza dawa za kifua kikuu na kikohozi kingalipo, asiongezewe nyingine kwa kubahatisha, bali apigwe picha ya kifua na kupelekwa kwa wataalamu mapema; maana elimu hiyo ni haki ya mtu wa Bungoma sawa na mtu wa Boston, Massachusetts, na njia yake ya kumfikia ni kipimo hicho cha uvimbe.