Yai Laini: Kagua Chakula Kabla ya Kununua Dawa

Mfugaji wa kuku wachache nyuma ya nyumba akiokota yai tepetepe, lenye utando tu bila ganda, mara nyingi hukimbilia duka la dawa za mifugo. Huko huuziwa antibiotiki ya kuchanganya kwenye maji. Wiki inapita, pesa imekwenda, na mayai ni yaleyale. Tena huenda hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinahitilafiana na ganda lenyewe: oksitetrasaiklini hushikana na kalsiamu tumboni, na dawa za jamii ya salfa, ambazo wengi huwapa kuku wanaoharisha damu, zinaweza kuvuruga utengenezaji wa ganda.

Kuku huhitaji takribani saa 24 hadi 26 kukamilisha yai moja. Ute na utando huwekwa kwa saa chache za mwanzo. Saa 18 hadi 20 zinazobaki ni za ganda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa amelala. Ganda ni kalsiamu kaboneti kwa takribani asilimia 95, na ndani yake mna gramu mbili na ushee za kalsiamu. Akiba iliyomo tumboni ikiisha kabla ya alfajiri, kuku hukopa kwenye mifupa yake. Mkopo ukizidi, ganda huwa jembamba, halafu linakosekana kabisa, na mwishowe kuku mwenyewe hushindwa kusimama.

Sasa tupige hesabu. Kuku wa mayai wa kisasa hula kama gramu 120 kwa siku. Chakula kamili cha kuku wanaotaga huwa na kalsiamu ya asilimia 4 hivi, kwa hiyo anapata karibu gramu 4.8. Mwili haunyonyi yote, lakini inatosha. Bei ya mfuko inapopanda, mfugaji huchanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi. Pumba zina kalsiamu kidogo mno, hivyo kuku anabaki na gramu 2.4 tu, na katika hizo hunyonya sehemu tu. Isitoshe, fosforasi iliyofungamana ndani ya pumba huzuia kalsiamu isinyonywe vizuri. Mabandani kwetu, hapa ndipo penye chanzo cha mayai laini mengi.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi. Rudisha chakula cha kuku wanaotaga, kisha weka chombo cha pembeni chenye makombe ya baharini yaliyopondwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Vipande huyeyuka polepole kuliko unga, kwa hiyo huendelea kumpa kuku kalsiamu usiku kucha. Hakikisha chombo hicho kina kitu kila alasiri. Aliye mbali na bahari atumie chokaa ya mifugo, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakaanikwa na kusagwa hadi kuku asiyatambue, asije akajifunza kudonoa mayai kiotani. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba: imechomwa na inaunguza. Usiwape vifaranga wala matembe chakula cha kuku wanaotaga, maana kalsiamu nyingi huharibu figo zao. Na kuku wanaofungiwa ndani siku nzima wapewe nafasi ya kuota jua, kwa sababu bila vitamini D kalsiamu hainyonywi.

Chakula kikiwa sawa, tazama umri. Tembe anayeanza kutaga anaweza kutoa yai laini moja moja katika wiki za mwanzo. Mwili bado unajipanga, na hali hiyo hupita yenyewe. Kwa kuku mzee mambo ni kinyume: mayai yake huwa makubwa zaidi, lakini kalsiamu ya kila ganda haiongezeki kwa kiasi hicho, hivyo ganda hutandazwa na kuwa jembamba.

Joto nalo lina lake. Kuku hatoi jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Anapohema hupoteza hewa ya kaboni kwa wingi, na damu hupungukiwa na bikaboneti inayohitajika kwa ganda. Zaidi ya hayo, hula kidogo. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambako Desemba hadi Machi ni miezi ya fukuto, walishe alfajiri na jioni, maji yawe kivulini na yabadilishwe mchana, na banda lipitishe upepo. Usiku nao uwe wa utulivu. Kicheche au mbwa akiwashtua, kuku anaweza kulisukuma yai kabla halijaiva. Mayai ya namna hiyo mara nyingi huonekana asubuhi chini ya fito wanazolalia, si kiotani.

Magonjwa yana dalili zake. Kideri hushusha utagaji ghafla, na huambatana na vifo, kuharisha kijani au shingo kupinda. Kinga yake ni chanjo inayotolewa kwa ratiba, si dawa. Mafua ya kuku ya kuambukiza yanayoshambulia koo na mapafu huacha maganda yaliyokunjamana na ute mwepesi kama maji. Upo pia ugonjwa uliotambuliwa Uholanzi mwaka 1976, unaotokana na virusi vya bata: kuku anaonekana mzima, lakini mayai ya kahawia yanapauka, kisha yanatoka laini au bila ganda. Anayefuga bata na kuku asiwachanganye kwenye chombo kimoja cha maji.

Yai kukwama ni dharura. Kuku hujikunyata, husimama wima kupita kawaida, hukamua bila mafanikio na mkia ukichezacheza. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, kwa dakika 15 hadi 20, umkaushe, umpake mafuta safi ya kula kwenye tundu la kutagia na kumweka mahali penye giza na joto. Usilibonyeze yai, likipasukia ndani, vipande vyake humjeruhi. Saa chache zikipita bila mabadiliko, au nyama nyekundu ikijitokeza nje, mwite daktari wa mifugo.

Yai lisilo na ganda usiliuze wala kulila, kwani halina kizuizi dhidi ya vijidudu. Ukirekebisha chakula, tarajia mabadiliko ndani ya wiki moja hadi mbili. Yasipoonekana, au kuku kadhaa wakianza kwa pamoja, mpelekee daktari mayai yenyewe, umtajie chakula unachotumia, umri wa kuku na tarehe za chanjo. Akiandika dawa, muulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi, nawe uzihesabu kuanzia siku ya dozi ya mwisho.