Homa Isiyo ya Malaria

Katika hospitali 10 za Tanzania, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya na kutibiwa malaria kali. Damu yao ilipoangaliwa upya kwa hadubini, waliokutwa na vimelea hawakufika nusu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2004 katika jarida la BMJ, na takwimu zake zinauma hadi leo: waliokuwa na vimelea walikufa takriban 7 kati ya kila 100, wasio navyo 12. Hao wa pili waliuawa na kitu kingine, na si wote waliopewa antibayotiki.

Humo ndimo sepsisi hujificha. Maambukizi huanza popote, iwe mapafuni, njia ya mkojo, kwenye kidonda cha upasuaji au mfuko wa uzazi baada ya kujifungua, kisha kinga ya mwili hupoteza mwelekeo na kuanza kuviumiza viungo vya mwili wenyewe. Mishipa midogo huvuja, presha hushuka, figo hugoma. Inakadiriwa kuwa mwaka 2017 pekee vifo milioni 11 duniani vilihusiana na sepsisi, karibu kifo 1 kati ya kila 5.

Mhudumu wa afya akiulizwa sepsisi ni nini, huenda akajibu vizuri tu. Mimi naona jibu lenye uzito liko kwenye chati ya mgonjwa, safu ya upumuaji. Mara nyingi utakuta 20, 20, 20, kitanda hadi kitanda, dalili kwamba hakuna aliyehesabu. Kuhesabu pumzi kunataka saa yenye mshale wa sekunde na dakika nzima, macho yakiwa kifuani na vidole vikibaki kwenye kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, maana mgonjwa akijua pumzi zake zinahesabiwa, hubadilisha. Mtu mzima mwenye maambukizi akifikisha pumzi 22, namba ya juu ya presha ikishuka hadi 100, au ndugu akisema "mama anaongea vitu havieleweki", usisubiri asubuhi. Na kukosa homa kusikupoteze: mzee au kichanga mwenye sepsisi anaweza kuwa wa baridi kabisa.

Kuna ujuzi mwingine uliopatikana kwa gharama kubwa. Vitabu vilifundisha kumwongezea mgonjwa wa namna hii maji mengi ya dripu kwa haraka. Mwaka 2011, utafiti wa FEAST uliohusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba waliopewa maji hayo kwa kasi walikufa zaidi. Lusaka, mwaka 2017, matokeo ya watu wazima yalifuata njia hiyohiyo: vifo asilimia 48 kwa waliotibiwa kwa mpango wa kuongezewa maji haraka, 33 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mafunzo ya sepsisi kwa wahudumu wetu lazima yaanzie kwenye ushahidi huu wa wodi zetu.

Tena semina peke yake haitoshi. Muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye wodi nzima mikononi, anaweza kuitambua sepsisi saa nane na bado akashindwa kufanya lolote kwa sababu duka la dawa limefungwa na daktari hapokei simu. Apewe mwongozo ulioandikwa unaomruhusu kuanza dozi ya kwanza ya antibayotiki, na dozi hiyo iwe kwenye kabati la wodi, ufunguo akiwa nao yeye.