Mtoto asiyegeuka akiitwa

Wenye kufundisha dini huko Butembo na Beni wanamjua mtoto wa namna hii. Ana miaka minne ama mitano. Hasemi, ama anarudilia neno lile lile. Ukimwita hageuki, ilakini ngoma ikilia anaziba masikio na kupiga kelele. Anazungushazungusha kifuniko cha chupa saa nzima. Wazazi wanatuletea na kuuliza: Padri, nani aliyemloga?

Tusijibu haraka. Mwaka 1943 munganga Leo Kanner, wa mji wa Baltimore katika Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hiyo. Inaitwa otismu. Kisha wenye elimu wengi wa Ulaya na Marekani walipotea: kwa miaka mingi walifundisha kwamba chanzo chake ni mama asiye na upendo. Sisi tunamsingizia nyanya mzee, wao walimsingizia mama. Hapo hatupitani sana.

Mapasa ndio waliofungua macho yao. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, waganga wa London, walitoa habari ya mapasa 21, wawili wawili, ambamo aliyekuwa na otismu alikuwa angalau mmoja. Kwa mapasa 11 wa kufanana kabisa, waliotoka katika mbegu moja iliyogawanyika, mara 4 wote wawili walikuwa nayo. Kwa mapasa 10 wasio wa kufanana hivyo, hata mara moja. Ilakini hawa wote walilelewa wawili wawili, na mama mmoja, katika nyumba moja! Basi urithi wa mwili una nguvu, ijapokuwa si peke yake, maana kwa wale 11 saba walitofautiana.

Urithi huo unakaa wapi? Katika kila seli ya mwili ziko nyuzi 46, ndizo kromozomu: 23 za baba, 23 za mama. Juu yake ziko jeni, kama amri zilizoandikwa. Otismu haina jeni moja. Zaidi ya 100 zimekwisha kuonekana, na nyingi zinaongoza namna seli za ubongo zinavyoungana, tangu tumboni. Pengine badiliko linazaliwa jipya katika mbegu; baba hana, mama hana. Kwa hiyo wazazi wazima, wenye watoto watano wazima, wanaweza kumpata wa sita hivi.

Tusichanganye magonjwa. Mtoto wa Down ana uzi wa 21 mara tatu, jambo lililotangazwa Paris mwaka 1959. Watoto wenye akili nzito wa kisiwa cha Idjwi waliumizwa na ukosefu wa iyodi katika chakula. Chumvi yenye iyodi inazuia. Tena kiziwi naye hageuki akiitwa. Kwa hiyo munganga atangulie.

Katika vyumba vingine vya sala mtoto ananyimwa chakula ili pepo atoke. Katiba ya mwaka 2006, neno la 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya mwaka 2009 inamwadhibu afanyaye hivyo. Nasi mapadri tunajua kanoni 1172: hakuna kufukuza pepo pasipo ruhusa ya Askofu. Ilakini kanoni 777, inayotuagiza kuwafundisha hata wenye ulemavu wa akili, tunaisahau upesi.

Namna yake si ngumu: mahali pale pale, saa ile ile, maneno machache, picha. Usimlazimishe kukutazama machoni. Katika parokia moja tunayoijua, mtoto wa kifuniko cha chupa anaketi karibu na mlango, mbali na ngoma. Katekista anamwonyesha picha tatu, zile zile kila siku ya Mungu. Ya tatu ni mkate. Sasa anaigusa kwanza.