Saa za Mstaafu katika Nchi Jirani

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Wazee, kufuatana na azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1990. Siku hiyo hotuba husomwa, kwaya huimba, na wazee huketishwa mbele katika viti vya heshima. Kesho yake viti hurudishwa ghalani. Mzee aliyeketishwa mbele jana huamka alfajiri, kama alivyozoea kuamka katika miaka yote ya kazi, akakuta hapana kengele inayomwita wala daftari la kutia sahihi. Katika mazungumzo yetu ya leo tunakusudia kuitazama hiyo tarehe 2 Oktoba na siku zote zinazoifuata. Nasi tutaitazama kwa jirani zetu wa Kenya na Uganda, kwa kuwa mengi yanayowapata wazee wa huko yanawapata na wetu, na moja kubwa liliwapata wote pamoja.

Neno kustaafu asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kuomba kuachiliwa wadhifa. Katika nchi zetu hapana haja ya kuomba, maana umri humwombea mtu. Nchini Kenya watumishi wa serikali walistaafu wakiwa na miaka 55 hadi mwaka 2009, umri huo ulipopandishwa ukawa miaka 60. Uganda nayo huwastaafisha watumishi wake kwa miaka 60, na sisi Tanzania tunaruhusu kwa hiari katika miaka 55 na kulazimisha katika miaka 60. Lakini tukumbuke kwamba barua ya kustaafu huwafikia wachache: mwalimu, karani, askari, muuguzi, mfanyakazi wa reli au wa bandari. Mkulima hapati barua hiyo. Yeye huliweka jembe chini siku mwili unapokataa, na pengine siku hiyo haifiki kabla ya mauti.

Tuanze pwani ya Kenya, mahali ambapo mapumziko ya wazee yana adabu na taratibu za tangu zamani. Katika mji wa Lamu, mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821, uko uwanja uitwao Mkunguni. Jua linapopungua makali wazee hukusanyika hapo chini ya miti. Mwenye gazeti husoma kwa sauti, muuza kahawa hupita na dele lake, na mahali fulani katikati ya watu litakuwapo bao.

Mgeni akiuona mchezo huo hudhani ni kupoteza wakati. Kwa kweli bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, nyingine 22 akiwa nazo mkononi. Hatua ya kwanza ni namua: kila zamu huingiza kete moja katika mchezo, na kila kete hubadili hesabu ya ubao mzima. Kete za mkononi zikiisha mchezo huingia hatua ya mtaji, na hapo ndipo fundi hujulikana. Hodari huona mizunguko kadhaa mbele, tena bila kuhesabu kwa kidole, maana kugusa kete ovyo ni kukosa adabu. Watazamaji nao hawanyamazi. Kila mmoja ana shauri, kila mmoja angalicheza vizuri zaidi, na mzee aliyekuwa mtu mdogo ofisini kwake huweza hapa kumfunga aliyekuwa mkurugenzi, akamcheka, na kesho wakakutana tena. Katika mambo yote ambayo kustaafu humwondolea mtu, la kwanza ni watu wa kubishana nao. Bao humrudishia hao. Serikali yoyote ingalikuwa na kazi ngumu kubuni dawa rahisi kuliko hiyo ya kuuchangamsha ubongo wa mzee, nayo haimgharimu mtu senti moja.

Lakini bao linahitaji kitu kimoja ambacho miji yetu mipya inakisahau, yaani mahali pa kuketi. Mjenzi wa zamani wa Lamu na wa Mji wa Kale wa Mombasa alijenga baraza ya mawe nje ya nyumba, ili mpita njia aketi bila kubisha hodi. Mjenzi wa leo hujenga ukuta na lango. Katika jiji la Nairobi, mzee asiye na fedha ya kununua chai hotelini hana pengi pa kwenda ila bustani za umma, na hata hizo zilipiganiwa. Bustani ya Jeevanjee, ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliutolea mji mwaka 1906, ilikaribia kugeuzwa maegesho ya magari mwaka 1991, ikaokolewa na wananchi ambao mmoja wa viongozi wao alikuwa mjukuu wake, Zarina Patel. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru. Habari hizo huelezwa kama habari za siasa na za mazingira, na ndivyo zilivyo. Hata hivyo zilikuwa pia habari za benchi. Wabunge na mawaziri wana bustani zao nyumbani. Karani mstaafu anayeishi katika chumba kimoja hana nyingine.

Wako wengi nchini Kenya ambao hawabaki mjini hata kidogo. Hupokea kiinua mgongo chao, huuza kitanda na kabati, wakarudi nyumbani bara. Neno hili kiinua mgongo ni zuri, maana linakiri kwamba mgongo uliinama. Lakini mwenye kurudi hukuta jambo ambalo hakuna ofisi inayomwonya. Kwa miaka thelathini alionekana kijijini wakati wa likizo na sikukuu tu, na katika muda huo mkewe ndiye aliyelima, aliyesomesha, aliyeamua ng'ombe yupi auzwe. Nyumba ina utaratibu wake, naye hayumo. Akishauri juu ya mbolea huambiwa kwa upole kwamba shamba hilo lina mazoea yake. Haishangazi basi kwamba asubuhi huchukua fimbo na kofia akaelekea sokoni, ambako wenziwe wa namna hiyo wameketi kando ya duka wakicheza drafti kwa vifuniko vya chupa. Anakwenda kutafuta watu wasiokuwa na kazi ya kumpa wala sababu ya kumwondoa njiani.

Nchini Uganda ubao wa mashimo 32 upo pia, na Waganda huuita omweso. Nao una kete 64 kama wetu, ila sheria zake ni mbali. Jirani zao wa Rwanda wana igisoro, ubao wenye hesabu hiyo hiyo. Katika nchi ya Wateso, mashariki ya Uganda, mapumziko ya jioni huzunguka chungu. Ni pombe ya wimbi, inayoongezwa maji ya moto, na kila mtu huinywa kwa mrija mrefu wake mwenyewe huku wote wameketi duara. Hatuji hapa kusifu ulevi, ambao umevunja nyumba za wastaafu wengi mara tu kiinua mgongo kilipoingia mfukoni. Tunasema tu kwamba aliyeketi katika duara hiyo anajulikana nafasi yake, na asipoonekana siku mbili mtu hutumwa kwenda kumwangalia. Ni mzee gani mjini, mwenye televisheni na mlango wa chuma, anayeweza kusema hivyo?

Na iko redio. Mwatuwia radhi tukisema la kujipendelea, lakini katika nchi zote hizi mwenzi mkubwa wa mstaafu ni kisanduku hicho. Husikiliza taarifa ya habari ya asubuhi, akasikiliza ile ile mchana kuona kama imebadilika, na jioni akaingia barazani akiwa tayari kwa hoja. Husikiliza matangazo ya vifo kwa makini kuliko yote, kwa sababu majina anayoyasubiri ni ya watu aliofanya nao kazi.

Hadi hapa tumezungumza juu ya mapumziko. Ziko saa nyingine katika siku ya mstaafu ambazo kwa nje zinafanana sana na mapumziko, kwa kuwa mtu ameketi, mikono magotini, hana la kufanya. Hizo ni saa za kungoja. Mwenye kupumzika anaweza kuondoka wakati wowote, lakini anayengoja hawezi, maana jina lake likiitwa hayupo atarudi mwezi ujao.

Hapa ndipo tunapofikia lile lililowapata wazee wa nchi zetu tatu pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, maelfu ya wafanyakazi wa reli, bandari, posta na shirika la ndege walijikuta watumishi wa mwajiri asiyekuwapo tena. Mkataba wa kugawana mali na madeni yake haukutiwa sahihi hadi mwaka 1984. Kwetu Dar es Salaam wazee hao waliendelea kudai mafao yao mahakamani na barabarani kwa miaka mingi. Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, na wakati inazaliwa watumishi wa ile ya zamani walikuwa bado katika foleni. Kuna watu waliomaliza uzee wao wote katika mabenchi ya ofisi. Mchana ule ambao wangaliweza kucheza bao waliutumia kushika bahasha yenye barua ya ajira ya mwaka 1958 au 1962, wakichelea kuikunja isije ikachanika.

Mambo yamekwenda mbele tangu hapo, hilo ni haki kulisema. Kenya, katika kifungu cha 57 cha Katiba yake ya mwaka 2010, imeandika kwamba wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa na kwa taifa. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umekuwa na posho ya shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa waliofikia miaka 70, hasa wale wasio na pensheni. Uganda ilianza mpango wake mwaka 2010 kwa wilaya chache, na posho yake ni shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Ulipoenezwa nchi nzima, umri uliwekwa kuwa miaka 80. Wilaya za kwanza zilikuwa zimeanza na miaka 65, na Karamoja 60. Kwetu, Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 mnamo mwaka 2016. Umri wa miaka 80 ni umri ambao wazee wengi wa Uganda hawaufikii, na ahadi inayoanzia hapo ni ahadi kwa wachache waliobahatika. Nchini Kenya nako posho hiyo imepata kuchelewa kwa miezi kisha ikalipwa kwa fungu. Mlipaji huona hesabu imekamilika. Mzee huona mwezi mmoja alikula na mwezi mwingine alikopa. Hawezi kuipanga wiki yake, wala kumwahidi mjukuu, wala kuingia katika mchango wa jirani. Fedha ndogo inayofika siku ile ile kila mwezi humpa mtu kalenda. Ile inayofika siku yoyote humrudisha kwenye kungoja.

Msikilizaji makini atakuwa amekwisha kuona kwamba katika uwanja wa Mkunguni, katika drafti ya sokoni na karibu na ubao wa omweso tumewataja wanaume. Hatukusahau. Mwalimu mwanamke aliyestaafu Kisumu au Masaka anapofika nyumbani hukabidhiwa kazi nyingine siku hiyo hiyo. Nchini Uganda ugonjwa wa ukimwi uliwaachia mabibi wengi kulea wajukuu waliofiwa na wazazi, na desturi hiyo ya kumwachia bibi watoto imeendelea hata pale ambapo wazazi wako hai mjini wakitafuta riziki. Ukimwuliza bibi wa namna hiyo anatumiaje wakati wake wa mapumziko, atataja ibada na chama cha kuchangiana fedha, mahali pawili ambapo hakuna anayethubutu kumwambia arudi nyumbani. Katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi mabibi walianzisha kundi la kujifunza kujihami kwa mikono, kwa sababu wazee wanawake wa hapo walikuwa wakivamiwa na vijana. Hayo nayo ni mazoezi ya mwili, lakini hayakuanza kwa kutafuta starehe.

Mwaka 2025 zilitangazwa habari za kijiji cha Kivubuka, wilayani Jinja, karibu na chanzo cha Nile, ambako wanawake wa miaka 50 na kuendelea, wengine wamekwisha kupita 70, wamekuwa wakikutana kucheza kriketi. Wengi wao hawakupata kuushika mchezo huo ujanani; ulikuwa wa wavulana wa shule. Sasa wanarusha mpira, wanakimbia kadiri magoti yanavyoruhusu, na mwenye kukosa huchekwa bila huruma, kama vile Lamu anavyochekwa aliyeliwa kete. Wajukuu huwa kando ya uwanja wakitazama, na kwa muda wa saa mbili hizo hakuna anayemwita bibi kuja kuwasha moto.